Mwanga Ndani ya Dumu la Maziwa: Kitambuzi cha Bei Nafuu Kimtumikie Nani?

Kikombe cha mililita 250 cha maziwa halisi ya ng'ombe humpa mtoto takriban kilokalori 160 na gramu 8 za protini. Maji yakiongezwa hadi yawe asilimia 30 ya ujazo, kikombe hicho hicho, kilichonunuliwa kwa bei ile ile, hubakiwa na kilokalori 112 na gramu 5.6 za protini. Mama aliyekinunua hataona tofauti yoyote ya maana, hasa akikichanganya na majani ya chai au akikitia kwenye uji. Mtoto naye hataugua usiku huo. Atapungukiwa kidogo leo, kidogo kesho, na baada ya miaka miwili upungufu huo utasomeka kwenye ubao wa kupimia urefu. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Sidai kwamba maziwa yaliyochakachuliwa ndiyo chanzo cha udumavu. Vyanzo vyake ni vingi na vimeandikwa sana. Ninachosema ni kwamba familia inayojinyima ili imnunulie mtoto nusu lita ya maziwa ina haki ya kupata nusu lita ya maziwa.

Hayo ni maji yakiwa safi. Yakitoka kwenye kisima kilicho jirani na choo, hesabu hubadilika, na tunaanza kuzungumzia kuhara, homa ya matumbo na, katika misimu mibaya, kipindupindu.

Kwa sababu hiyo, nikiwa daktari bingwa wa watoto, nimekuwa nikifuatilia kwa hamu kazi za wahandisi, wakiwamo wanafunzi wa vyuo vyetu, wanaotengeneza vitambuzi vidogo vya mwanga vya kupimia maziwa. Kifaa chenyewe kwa kawaida ni kisanduku cheusi chenye taa ndogo za LED, kichupa cha maziwa, kipokezi cha mwanga na kompyuta ndogo isiyozidi ukubwa wa kiganja. Bei ya vipuli vyake vyote hailingani hata kidogo na ile ya mashine za maabara za miale ya infraredi, ambazo hugharimu makumi ya maelfu ya dola na ambazo kituo cha kukusanyia maziwa kijijini hakiwezi hata kuziota. Naviunga mkono vitambuzi hivi. Hata hivyo, nadhani tunaelekea kuviahidi kazi visivyoiweza, na kuvikabidhi kwa mikono isiyofaa kuwa ya kwanza kuvishika. Makala hii inaeleza kwa nini.

Tuanze na fizikia, kwa kuwa ndiko ahadi na udhaifu vinakoishi pamoja.

Maziwa ni meupe kwa sababu ya kutawanya mwanga. Ndani yake mnaelea matone ya mafuta, mengi yakiwa na kipenyo cha kati ya mikromita moja na kumi, na chembe ndogo zaidi za protini ya kaseini. Mwanga ukiingia hugonga chembe hizo na kurushwa pande zote. Rangi zote hurudi kwenye jicho karibu kwa usawa, nasi tunaona weupe. Maji yakiongezwa, chembe zinakuwa chache katika kila tone, mwanga mwingi zaidi unapenya moja kwa moja, na maziwa yanaanza kuonyesha kivuli cha samawati, kwa kuwa chembe ndogo za kaseini hutawanya mwanga wa buluu kuliko mwekundu. Bibi zetu waliodondosha tone la maziwa kwenye ukucha na kutazama linavyoteremka walikuwa wakifanya uchunguzi wa namna hiyo hiyo, ila kipokezi chao cha mwanga kilikuwa jicho. Kitambuzi cha kisasa hufanya kazi hiyo kwa namba. Kipo kipokezi maarufu, ambacho wabunifu wengi hukitumia, kinachopima mwanga katika mikanda 18 kuanzia nanomita 410 hadi 940. Programu husoma namba hizo 18 na kutoa hukumu.

Sasa msomaji aangalie namba hiyo ya mwisho, 940. Maji husharabu mwanga kwa nguvu kwenye nanomita 1450 na 1940. Karibu na 970 kuna usharabu mdogo tu. Vipokezi vya bei nafuu hutengenezwa kwa silikoni, na silikoni huwa kipofu kabisa ikipita takriban nanomita 1100. Vipokezi vinavyoona mbali zaidi vipo, lakini vikiingia kwenye kifaa neno "bei nafuu" hulazimika kufutwa. Maana yake ni kwamba kitambuzi cha bei nafuu, kwa kweli, hakiyaoni maji. Kinachoona ni upungufu wa mafuta na protini, kisha kinakisia kwamba upungufu huo umeletwa na maji.

Hapo ndipo penye tatizo kubwa, na sioni likijadiliwa vya kutosha. Mafuta ya maziwa hayalingani kutoka ng'ombe mmoja hadi mwingine. Zebu wetu wa asili mara nyingi hutoa maziwa yenye mafuta ya asilimia 5 au zaidi. Friziani na machotara wake huwa karibu na 3.5. Maziwa ya mwanzo wa kukamua ni mepesi, ya mwisho ni mazito. Ya asubuhi hutofautiana na ya jioni, ya masika na ya kiangazi. Chukua maziwa ya zebu yenye mafuta ya asilimia 5, yaongezee maji mpaka maji yawe sehemu moja kati ya tano: utapata asilimia 4, kiasi ambacho ng'ombe chotara mwaminifu wa jirani hakifikii hata bila tone la maji. Kifaa kinachopima utawanyaji wa mwanga pekee kitampitisha mchakachuaji na kumtilia shaka mwaminifu. Majaribio mengi ya maabara hayaligusi jambo hili kwa sababu ya namna yanavyofanywa: mtafiti hununua lita chache za maziwa ya aina moja, huongeza maji asilimia 10, 20, 30, hufunza programu kwa sampuli hizo, kisha huijaribu kwa sampuli nyingine za maziwa yale yale. Usahihi wa asilimia 98 unaopatikana kwa njia hiyo ni wa kweli kwa maziwa yale. Kuhusu dumu litakaloletwa kesho na mfugaji wa Handeni, hautuambii chochote.

Kipimo kikongwe cha laktometa kina kasoro ya jamaa moja. Uzito mahsusi wa maziwa halisi ni kati ya takriban 1.028 na 1.034. Maziwa yenye 1.032 yakitiwa maji hadi yawe asilimia 10, hushuka hadi karibu 1.029, yaani bado yamo ndani ya mipaka. Na anayetaka kuongeza maji mengi zaidi huweka sukari au chumvi kidogo, laktometa ikapanda tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Akitoa mtindi wa juu, yaani mafuta, laktometa hupanda pia, kwa kuwa mafuta ni mepesi kuliko maji; hivyo mtu anaweza kuiba mafuta kwanza, kisha akaficha wizi huo kwa maji, na kipimo kikarudi pale pale kilipokuwa.

Kuna kipimo kimoja ambacho ng'ombe mwenyewe amekisimamia, na naomba msomaji aniruhusu nikisifu, maana ni fiziolojia nzuri. Kiwele hutengeneza maziwa kwa kutumia damu iliyo upande wa pili wa utando mwembamba, na maji hupita utando huo kwa uhuru. Kwa hiyo shinikizo la osmosi la maziwa halina budi kulingana na la damu. Laktosi ikipungua, kama inavyotokea kwenye ugonjwa wa kiwele, sodiamu na kloridi huongezeka kufidia. Mafuta yanaweza kucheza kati ya asilimia 3 na 6, lakini jumla ya vilivyoyeyuka haichezi, kwa kuwa damu ya ng'ombe haikubali kuchezewa. Matokeo yake ni kwamba joto ambalo maziwa hugeuka barafu hubadilika kidogo mno, likiwa karibu na nyuzi 0.53 au 0.54 chini ya sifuri, awe zebu au Friziani. Ongeza maji ya asilimia 10 na kiwango hicho kitapanda hadi takriban nyuzi 0.49 chini ya sifuri. Kifaa kinachopima jambo hili, krayoskopu, kinahitaji umeme, ubaridishaji na mtu aliyefunzwa, na bei yake si ya kituo kidogo. Lakini ni hakimu anayefaa. Tukiwa na hakimu, mlinzi wa mlangoni anaweza kuwa wa bei nafuu.

Mgawanyo huo wa kazi si mgeni kwetu katika tiba. Hakuna daktari anayemwanzishia mgonjwa dawa za maisha kwa kipimo kimoja cha haraka. Kipimo cha kwanza huchuja, cha pili huthibitisha. Tukubali basi kufanya hesabu ambayo kila mwanafunzi wa mwaka wa tatu hufundishwa. Tuchukulie kituo kinachopokea madumu 1,000 kwa mwezi, na dumu moja katika kila kumi limechakachuliwa. Tukipe kituo hicho kitambuzi kizuri mno, chenye unyeti wa asilimia 95 na umahsusi wa asilimia 95. Kati ya madumu 100 mabaya kitakamata 95. Kati ya madumu 900 mazuri, kitayasingizia 45. Madumu yanayokataliwa ni 140, na karibu theluthi moja yake ni ya watu wasio na hatia. Pale ambapo uchakachuaji ni nadra, tuseme madumu 20 tu kati ya 1,000, hali ni mbaya zaidi: kitambuzi hicho hicho kitakamata wakosaji 19 na kusingizia waaminifu 49. Yaani kati ya kila watu kumi watakaoambiwa mbele za wenzao kwamba ni wachakachuaji, saba hawajafanya lolote.

Kwa mama wa Kimaasai aliyetembea saa mbili na kibuyu au dumu lake, kukataliwa kwa lita kumi ni kupoteza mapato ya siku nzima, na maziwa hayasubiri rufaa. Saa sita za jua yamekwisha chacha. Jina naye hulipoteza, na katika biashara inayoendeshwa kwa kuaminiana jina ndilo mtaji. Ndiyo maana sikubaliani na wazo, ambalo nimelisikia kwenye mijadala zaidi ya mmoja, la kuwapa vifaa hivi askari na wakaguzi wazunguke navyo sokoni wakimwaga maziwa papo hapo. Kifaa chenye kosa la asilimia tano, kikishikwa na mtu mwenye mamlaka ya kumwaga au kusamehe, kitazaa rushwa kabla hakijazaa usafi.

Historia nayo ina somo ambalo wabunifu hawana budi kulijua. Mwaka 2008 nchini China watoto wachanga wapatao 300,000 waliathirika kwa maziwa ya unga yaliyotiwa melamini. Zaidi ya 50,000 walilazwa, na serikali ilitangaza vifo sita. Kampuni iliyokuwa kitovu cha kashfa hiyo ilikuwa Sanlu, mojawapo ya kubwa kabisa nchini humo. Kwa nini melamini, kitu kinachotumika kutengenezea sahani za plastiki ngumu? Kwa sababu kipimo cha protini kilichotumika hakikupima protini. Kilipima naitrojeni, kisha kuikuza kwa kigawo maalumu na kuiita protini. Theluthi mbili ya uzito wa melamini ni naitrojeni. Waliokuwa wakiongeza maji walihitaji kurudisha namba, wakatafuta kitu cha bei rahisi kinachorudisha namba hiyo. Melamini ilipofika kwenye mkojo wa watoto, ambao kwa kawaida huwa na asidi yuriki nyingi kuliko wa watu wazima, iliungana nayo ikawa mawe. Mawe ya aina hiyo mara nyingi hayaonekani kwenye eksirei ya kawaida. Ilibidi ultrasaundi iyatafute, figo moja baada ya nyingine.

Mchakachuaji hujifunza kipimo. Hilo ndilo somo. Tukijenga ulinzi wetu wote juu ya weupe wa maziwa, kuna mtu atakayejua jinsi ya kununua weupe. Nchini India yamewahi kunaswa maziwa ya bandia yanayotengenezwa kwa mafuta ya kupikia, sabuni na yurea: mafuta yakikorogwa na sabuni hugawanyika kuwa matone madogo yanayotawanya mwanga vizuri kabisa, na yurea huleta ile naitrojeni. Kwa kitambuzi kinachojua utawanyaji tu, hayo ni maziwa bora. Kwa hiyo kifaa chochote kinachofaa kuingia sokoni hapa kwetu kisipime jambo moja. Mwanga ukae pamoja na joto, uzito mahsusi na upitishaji wa umeme, ambavyo navyo havigharimu sana. Kudanganya vipimo vinne kwa pamoja ni kazi ngumu kuliko kudanganya kimoja.

Njia moja ya mwanga ambayo binafsi naiona ina mustakabali mzuri kuliko inavyopewa nafasi ni ile ya karatasi za kemikali zinazosomwa na kamera ya simu. Wanga ukikutana na ayodini hugeuka buluu iliyokolea. Unga uliotiwa kwenye maziwa kurudisha uzito hujitangaza wenyewe. Haidrojeni peroksaidi ina karatasi yake, yurea ina yake. Hapa mwanga haukisii tena. Unasoma jibu la kemikali inayomjua adui kwa jina. Udhaifu wake ni kwamba simu hujirekebishia rangi yenyewe kulingana na mwanga uliopo, na kivuli cha mwembe kinaweza kubadilisha jibu. Lakini kisanduku cha boksi chenye taa moja ndani na rangi za kulinganishia pembeni hutatua sehemu kubwa ya shida hiyo, na fundi yeyote wa mtaani anaweza kukitengeneza.

Peroksaidi na fomalini zinanipeleka kwenye jambo ambalo halitatuliwi na kitambuzi chochote. Mtu anayetia peroksaidi kwenye maziwa hafanyi hivyo ili aongeze ujazo. Anafanya hivyo kwa sababu amekamua saa kumi na moja alfajiri, barabara ni mbovu, hakuna barafu, na mteja yuko mjini umbali wa saa tano. Kosa lake ni kosa, na fomalini hasa ni sumu isiyo na udhuru. Lakini ukimkamata bila kumpa tangi la kupozea, utamkuta kesho na kemikali ambayo karatasi yako haiijui.

Tumewahi kupita njia hii kwa bidhaa nyingine. Neno lenyewe "uchakachuaji" lilienea katika Kiswahili cha kila siku nchini kupitia mafuta ya magari, wakati wafanyabiashara walipochanganya mafuta ya taa na dizeli kwa sababu mafuta ya taa yalitozwa ushuru mdogo. (Baadaye neno likahamia kwenye siasa, na huko lina maisha yake.) Serikali ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta kuanzia mwaka 2010 ili wakaguzi waweze kutambua yaliyochanganywa, nayo ilikuwa teknolojia nzuri. Lakini katika bajeti ya mwaka 2011 ilibidi pia ushuru wa mafuta ya taa upandishwe hadi kuukaribia wa dizeli, ili faida ya kuchanganya ipotee. Gharama ya hatua hiyo ililipwa na aliyekuwa akiwasha kibatari. Nakumbusha jambo hili kwa sababu mbili: kipimo peke yake hakikutosha, na dawa iliyoongezwa ilimwangukia maskini ambaye hakuwa na pampu ya mafuta.

Katika maziwa, faida ya kuchanganya iko wapi? Iko kwenye lita. Ilimradi tunanunua maziwa kwa ujazo tu, kila lita ya maji ni fedha. Kituo kinachomlipa mfugaji kwa kiasi cha mafuta na yabisi nyingine zilizomo huiondolea maji thamani yake siku hiyo hiyo, bila kumshtaki mtu. Hapa ndipo kitambuzi cha mwanga, pamoja na udhaifu wake wote, kinang'aa, kwa kuwa kazi ya kukadiria mafuta na protini ndiyo hasa kinayoiweza. Mwenye zebu mwenye maziwa mazito atalipwa zaidi kwa lita. Aliyeongeza maji atalipwa kidogo, kama alivyostahili. Na kifaa kikikosea kidogo, mfugaji atapoteza shilingi kadhaa siku moja na kuzipata siku nyingine, badala ya kupoteza dumu zima na heshima yake. Tafadhali wahandisi wetu waligeuze swali lao: badala ya "je, yamechakachuliwa?" kifaa kiulizwe "yana kiasi gani?"

Ninajua kwamba sehemu kubwa ya maziwa ya Tanzania hayapiti kituo chochote. Huenda moja kwa moja kutoka kwa mfugaji au mchuuzi wa baiskeli hadi mlangoni. Kwa hao, njia iliyotumika Kenya tangu miaka ya 2000, ya kuwafunza wachuuzi na kuwapa vibali badala ya kuwafukuza, inafaa kutazamwa kwa makini zaidi kuliko tunavyofanya. Mchuuzi mwenye kitambuzi chake mwenyewe, anayepima anachonunua kabla hajakilipia, ni mlinzi bora wa watoto kuliko mkaguzi anayepita mara moja kwa mwezi.

Limebaki jambo ambalo, kama daktari, linaninyima usingizi kuliko maji. Maziwa halisi kabisa, yasiyo na tone la maji, yanaweza kuua. Bakteria wa bruselosi hawabadilishi weupe wa maziwa. Kifua kikuu cha ng'ombe hakibadilishi. Sumukuvu, ambayo ng'ombe huipata kwenye pumba na mashudu yaliyovunda na kuipitisha kwenye maziwa, ina kikomo cha kimataifa cha mikrogramu 0.5 kwa kilo. Linganisha na maji ya asilimia 10, ambayo ni gramu 100 kwa kilo. Kifaa kinachotoa jasho kutambua gramu 100 hakiwezi kuulizwa habari za kitu kilicho kidogo kuliko hicho mara milioni mia mbili. Kuchemsha huua bakteria hao. Sumukuvu haiondoki kwa moto wa jikoni, na dawa yake iko kwenye ghala la chakula cha mifugo.

Ninachohofia ni taa ya kijani. Weka taa ya kijani juu ya kifaa, iandike "SALAMA", na ndani ya mwaka mmoja tutakuwa na wateja wanaokunywa maziwa mabichi kwa sababu mashine imeyapitisha. Hatuna sababu ya kuamini kwamba watu watatofautisha "hayana maji ya kuongezwa" na "hayana ugonjwa", wakati kifaa chenyewe hakijawatofautishia. Na mteja mwenye mtoto wa miezi minne anaweza kuisoma taa hiyo kama ruhusa ya kumpa maziwa ya ng'ombe, ilhali mtoto wa umri huo anahitaji maziwa ya mama yake peke yake.

Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango, nayo Bodi ya Maziwa ipo kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2004. Taasisi hizi mbili hazihitaji kusubiri kifaa kamilifu. Zinaweza sasa kutangaza masharti ambayo kitambuzi chochote cha mwanga kitatimiza kabla hakijauzwa kwa ajili ya biashara ya maziwa. La kwanza, nami ningelipa uzito kuliko mengine yote, ni kwamba kijaribiwe kwa maziwa ya mifugo ambayo programu yake haijawahi kuyaona: zebu na machotara, Tanga na Mara, masika na kiangazi, ng'ombe mmoja mmoja na mchanganyiko wa dumu. Matokeo yaandikwe kwa unyeti na umahsusi, kila kimoja peke yake, wala si kwa neno "usahihi" linaloficha vyote viwili. Asiwepo mtu anayepoteza maziwa au leseni kwa jibu la kitambuzi pekee. Sampuli iende kwenye krayoskopu, na katika mfano wetu wa juu hiyo ni sampuli 140 badala ya 1,000, mzigo ambao krayoskopu moja ya wilaya inaubeba bila shida.

Na maneno yanayotokea kwenye kioo cha kifaa yasiachiwe mhandisi peke yake. Ningependekeza yawe matatu tu: kiasi cha mafuta, kiasi cha yabisi nyingine, na, pale namba zinapotia shaka, "Pima tena kwa kipimo cha pili". Chini yake, kwa kila sampuli bila ubaguzi, nzuri na mbaya, kwa herufi kubwa kuliko namba zenyewe: CHEMSHA KABLA YA KUNYWA.